Bunduki Iliyokuwa Inapanda: Shajara ya .308 Yangu, Mbeya

Machi 9

Naanza kuandika leo. Miezi mitatu nimekuwa nakisia tu, na kukisia kumenimalizia risasi bila kunipa jibu.

Bunduki yenyewe ni ya bolti (kile chuma unachokivuta kwa mkono kuingiza na kutoa risasi), .308 Winchester, imetoka kiwandani hivyo ilivyo, haijawahi kuguswa na fundi. Mti wake ni wolnati, mtutu sentimita 60, darubini ya kukuza mara 4 hadi 16, na kila mkato mmoja wa kitufe cha darubini unasogeza risasi sentimita 1 kwenye mita 100. Imo kwenye leseni yangu. Miaka miwili ya mwanzo ilinipigia vizuri sana. Tangu mvua za Desemba zianze, imekuwa kama si ile.

Jana niliipeleka uwanja wa kulengea, bondeni Usangu, ukishapita Igurusi. Uwanja ni wa jamaa wa kampuni ya uwindaji ambao wananiruhusu kuutumia wakiwa na msimamizi wao pale, na nyuma ya shabaha kuna kilima cha udongo kirefu kama ghorofa. Nilipiga risasi tano mita 100, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Mbili za kwanza zilikaribia kugusana. Ya tatu ilipanda sentimita 3. Ya nne ikapanda tena na kwenda kushoto. Ya tano nilipoipima toka ile ya kwanza, katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, ilikuwa sentimita 11.

Nikaiacha ipoe dakika 25, nikapiga tano nyingine. Mbili chini, halafu ngazi ileile: juu, juu na kushoto, juu zaidi na kushoto zaidi.

Hili ndilo jambo la kwanza nililolipata kwa kuandika. Kama ningekuwa natetemeka mimi, matundu yangetawanyika ovyo. Haya yanakwenda kwa mpangilio, na mpangilio unaanza upya mtutu ukipoa. Kwa hiyo tatizo linafuata joto.

Mwezi uliopita fundi mmoja aliishika, akachungulia ndani ya mtutu, akaniambia mtutu umekufa, niagize mwingine. Nilikosa usingizi kwa ajili ya maneno hayo. Lakini bunduki hii haijafikisha risasi 900, na mtutu wa .308 ukitunzwa unavumilia maelfu kadhaa. Siagizi mtutu hadi kila kitu kingine kiwe kimepimwa.

Machi 15

Kusafisha. Naandika kwa kifupi maana halikuwa jibu.

Bolti nje, risasi zimefungiwa sanduku lingine, chemba, pale risasi inapokaa, nimeichungulia na nikaingiza kidole. Hivyo ndivyo kila kazi kwenye shajara hii inavyoanza, sitairudia tena kuandika, lakini haijawahi kurukwa hata siku moja.

Dawa ya kuyeyusha shaba, jioni mbili mfululizo. Vitambaa vya kwanza vilitoka vya bluu iliyokolea, kama wino wa mhuri, kwa sababu ganda la nje la kichwa cha risasi ni la shaba na linabaki likijipaka kwenye mifereji ya ndani ya mtutu. Kitambaa cha kumi na saba ndicho kilichotoka cheupe. Nikarudi Usangu: risasi tano, sentimita 10 kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Ngazi ipo palepale.

Machi 22

Leo nimekwenda Uyole kwa mzee mmoja mstaafu wa wanyamapori. Kwao ni Kalenga, Iringa, lakini ameishi Mbeya tangu enzi ambazo barabara ya Chunya ilikuwa vumbi tupu. Ameshika bunduki za kazi miaka zaidi ya thelathini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kamwene. Umeniletea mgonjwa?"

Nikamweleza yote huku nimemfungulia daftari. Alisoma kimya, kidole kikifuata namba. Kisha akauliza swali moja tu: "Umepitisha noti?"

Sikuwa nimepitisha. Akatoa noti ya elfu mbili, ile yenye simba, akaikunja mara moja, akaipenyeza kati ya mtutu na mti upande wa mbele, akaanza kuivuta taratibu kuelekea nyuma. Mtutu wa bunduki ya aina hii unatakiwa uelee: unashikwa na risiva, chuma kinachobeba bolti, kule nyuma tu, kutoka hapo kwenda mbele usiguse mti popote. Noti ilikwenda vizuri sentimita kumi, ikakaza kidogo, ikaendelea, halafu ikakwama. Akaivuta kwa upande wa kushoto ikapita. Kulia ikakwama palepale. Akaniachia mimi nijaribu. Nilihisi kwenye vidole: karatasi inakwenda kama kwenye sabuni, halafu inauma, na ukilazimisha inakunjamana.

Pale kulia mti unagusa chuma. Mtutu ukipoa unagusa kidogo tu. Ukipata joto unatanuka, mti unausukuma, na risasi inakwenda juu upande mwingine wa pale unaposukumwa.

"Kabla ya Desemba hukuwa nayo hali hii?" mzee aliuliza.

"Novemba ilikuwa nzima, mzee."

"Basi ni mvua hiyo."

Mbao inavimba kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, kila seremala wa Mafinga anakwambia hivyo, na huku kwetu mvua ikianza Novemba haiachi vizuri hadi Aprili inakwisha. Bunduki imekaa kwenye sanduku la chuma, ndani ya nyumba yenye ukungu wa asubuhi, inakunywa unyevu polepole. Nilipoifungua jioni nikaona kitu kilichonisikitisha: nje mti umepakwa mafuta na kung'arishwa vizuri, lakini ndani ya mfereji wa mtutu, pale pasipoonekana dukani, mbao ni tupu. Haijapakwa chochote. Ndipo maji yanapoingilia.

Kabla sijaondoka mzee aliishika bolti yenyewe muda mrefu, akiigeuza. Kucha ile ndefu ya kuvutia ganda ubavuni, na meno mawili ya mbele yanayojifunga ndani ya risiva, ni kazi ya Paul Mauser, na jeshi la Ujerumani liliipokea bunduki ya mfumo huo mwaka 1898. Mzee akasema ni mwaka uleule Mtwa Mkwawa alipojipiga risasi kule Mlambalasi asishikwe akiwa hai. Miaka saba kabla, Agosti 1891, watu wake walikuwa wamekisambaratisha kikosi cha kamanda Mjerumani Zelewski pale Lugalo, wengi wao kwa mikuki, wakazichukua bunduki za Wajerumani. Kwa mtu wa Kalenga, palipokuwa ngome ya Mkwawa, bolti si chuma tu. Nilitoka pale nikiibeba kwa namna nyingine.

Aprili 5

Nimepanua mfereji.

Nilitafuta kipande cha bomba la PVC kinachozidi mtutu kidogo kwa unene, nikakizungushia msasa namba 120, nikawa nasugua kwa urefu, mapigo ishirini kisha nasimama, naweka mtutu, napitisha noti. Kishawishi ni kuchukua patasi na kumaliza kwa dakika tano. Usifanye. Mti ukishautoa haurudi, na mfereji uliopinda unaonekana maisha yote. Kulia palipokuwa panauma palichukua karibu saa moja. Nilipofika noti iliyokunjwa mara tatu inapita kutoka mbele hadi kwenye risiva bila kusita, nikamalizia kwa msasa wa 240.

Halafu vanishi ndani ya mfereji, mikono mitatu, nikisubiri siku nzima kati ya mkono na mkono kwa sababu Mbeya ya Aprili haikaushi kitu. Na kwenye matundu ya skrubu, na chini ya bamba la kitakoni, kote ambako mbao ilikuwa uchi.

Usangu leo: tano, sentimita 5.5. Tano nyingine, 6. Ngazi imekufa! Mtutu ulikuwa wa moto hadi sikuweza kuushika, na matundu hayakupanda. Nilifurahi sana, sifichi.

Lakini 5.5 bado si nzuri. Katika kila tano kuna nne zilizokaa pamoja na moja iliyokwenda kwake. Si ileile kila mara: safari hii ya pili, safari ile ya nne. Hii haifuati joto. Ni ugonjwa mwingine, uliokuwa umejificha nyuma ya ule wa kwanza.

Aprili 12

Siku mbaya, na kosa ni langu. Nilibadilisha risasi, kutoka za kichwa cha greni 180 kwenda za 168 (gramu 11 kasoro kidogo), na palepale nikabadilisha pete za darubini kwa pete nyingine nilizoazima. Kundi la matundu likawa sentimita 4 mara ya kwanza, 7 mara ya pili. Sasa niambie: kilichosaidia ni risasi, au pete? Na kilichoharibu mara ya pili ni kipi? Sijui, na nimeteketeza risasi 20 ili nisijue. Nimerudisha pete za zamani. Risasi nabaki na 168. Kuanzia sasa nabadilisha kitu kimoja, napiga kumi, naandika, ndipo nagusa kingine.

Aprili 26

Sikukuu ya Muungano, mvua imenizuia ndani, na ni mvua hiyo iliyonipa jibu la pili.

Nilivua darubini ili nikague reli inayoibeba. Reli imefungwa juu ya risiva kwa skrubu nne, mbili mbele, mbili nyuma. Nikajaribu kila skrubu kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Zote nne zimekaza. Ningeishia hapo, na nadhani ndivyo nilivyoishia mara zote kabla ya leo, kwa sababu skrubu ikikataa kuzunguka unaamini imeshika.

Ila safari hii nilikuwa na ile tabia ya noti. Nikachana ukanda wa karatasi ya daftari, nikaupenyeza chini ya reli upande wa mbele. Ukaingia. Upande wa nyuma haukuingia kabisa. Skrubu za mbele zimekaza kwa nguvu zote na bado reli ina nafasi chini yake!

Nikazitoa zote nne, nikazipanga mezani juu ya kitambaa cheupe. Kwa macho zinafanana. Kwa venia, kipimo cha sehemu za milimita: tatu ni milimita 6.1, moja ni 6.7. Ile ndefu ndiyo iliyokuwa mbele kabisa, ambapo tundu ni fupi kwa sababu chini yake kuna mwisho wa mtutu uliofungwa kwa meno ndani ya risiva. Ncha yake ilikuwa na alama inayong'aa, duara dogo lililobonyea, kama ncha ya msumari iliyogonga jiwe. Ilikuwa inafika chini, inagonga chuma cha mtutu, na kusimama. Fundi anayekaza anahisi ugumu, anadhani kazi imekwisha, kumbe kichwa cha skrubu hakijaibana reli hata kidogo. Kila ukipiga, darubini inacheza unene wa karatasi. Unene wa karatasi pale juu ni sentimita kadhaa kule mita 100.

  

Niliibana ile skrubu kwenye jiliwa dogo, katikati ya vipande viwili vya mninga ili meno yasiharibike, nikaipunguza kwa tupa laini hadi milimita 6. Nikasafisha mafuta kwenye matundu, tone dogo la gundi ya meno ya skrubu, ile inayolegezeka, nikakaza zote nne kwa nguvu sawa, nikizunguka kwa msalaba kama unavyokaza tairi. Karatasi sasa haiingii popote.

Nimemtumia mzee picha ya ile ncha iliyobonyea. Amenipigia simu badala ya kuandika: "Mwanangu, hiyo itunze usiitupe."

Sijaitupa. Iko kwenye bunduki.

Mei 3

Tano: sentimita 3.4. Tano: 3.1. Tano: 3.6. Hakuna inayotoroka. Risasi zilezile, mpigaji yuleyule, mtutu uleule unaosemekana umekufa.

Wengine wangesimama hapa, na kwa mwindaji wa kawaida kweli inatosha. Mimi nataka karatasi ya mita 500 mwaka huu, kwa hiyo naendelea na kitanda.

Mei 10 hadi 13

Kitanda ni pale risiva inapolala ndani ya mti. Kiwandani wamechonga kwa mashine, na chuma kinagusa mbao hapa na pale, si kote. Kila teke la bunduki linaisogeza risiva kidogo, na hairudi palepale. Dawa yake ni kuimwagia kitanda cha epoksi yenye unga wa chuma ili ipate umbo lake kamili, na kuweka nguzo mbili za alumini kwenye matundu ya skrubu ili skrubu zibane chuma kwa chuma, siyo kuikamua mbao inayovimba na kusinyaa.

Nguzo nilichongewa na kijana wa lathe pale Mwanjelwa. Nilimpa vipimo kwenye karatasi, bunduki ilibaki nyumbani. Zimetoka safi.

Nilichimba kitanda milimita 2 kwa patasi nyembamba. Nikapaka risiva kiwi ya viatu, tabaka mbili, nikaisugua hadi ing'ae, ili epoksi isiishike. Chini ya risiva kuna kijino cha chuma ambacho ndicho kinachopokea teke lote na kulisukumia kwenye mti. Kijino hiki kinapaswa kuegemea nyuma tu. Mbele, ubavuni na chini kiwe na nafasi. Kwa hiyo nilikibandika utepe wa karatasi pande hizo, nikauacha uso wa nyuma uchi. Matundu na mapengo yote ya risiva niliyaziba kwa udongo wa watoto wa kuchezea, ule wa rangi.

Yote isipokuwa moja.

Epoksi ilisema saa 24 kwenye nyuzi 25. Usiku wa Mei hapa kwetu unashuka hadi karibu nyuzi 10, kwa hiyo niliitundikia taa ya wati 100 na kuifunika shuka, kama mtu anayelea vifaranga, nikaipa saa 48. Jumatatu alfajiri nikaanza kuitoa. Haikutoka. Nikagonga chini ya mtutu kwa nyundo ya mpira. Hakuna. Mikono ikaanza kunitoka jasho na baridi yote ile. Nikakumbuka kijipengo kimoja pembeni mwa njia ya magazini, kidogo kama punje ya mchele, sikukiziba. Epoksi imeingia humo ikaganda, imekuwa kama kitasa.

Kwenye baridi chuma, mbao na epoksi havisinyai kwa kiasi kimoja, na tofauti hiyo inaweza kuvunja mshiko. Ndani kuna friza ambayo mama watoto anagandishia barafu na maziwa ya kuuza shuleni. Nilimweleza.

"Baba watoto, na maziwa yangu?"

Tukayahamishia kwa jirani. Bunduki ikaingia kimshazari, mtutu umetokeza, mfuniko umefungwa kwa kanga. Silaha haiachwi peke yake, kwa hiyo niliketi pale kwenye kigoda saa mbili na nusu nikiitazama friza. Mama watoto aliniletea chai akaketi na mimi. Nilipoitoa, chuma kilikuwa kimefanya ukungu mweupe. Pigo la kwanza la nyundo, kimya. La pili, nikasikia *tak*, mlio mdogo mkavu kama wa kuvunja mfupa wa kuku, na risiva ikanyanyuka.

Kitanda kimetoka kizuri kuliko nilivyostahili. Unaona hadi mhuri wa kiwanda umejichapa kinyumenyume kwenye epoksi. Kile kijipengo kimeacha kidonda kidogo pembeni ambacho hakina madhara. Skrubu mbili za risiva nimezikaza nyutoni mita 5.5, ya mbele kwanza kisha ya nyuma, na nimeiandika namba hiyo kwa penseli ndani ya mti.

Watu wawili wameniuliza kwa nini sijalegeza kifyatulio, maana ndicho kitu cha kwanza wengi wanachogusa. Kinafyatuka kwa kilo 1.6, kikavu, hakina mchezo. Sehemu zile ndizo zinazozuia bunduki isijifyatue ikianguka. Kama siku moja nitataka kibadilishwe, kazi hiyo ni ya fundi silaha mwenye leseni, siyo yangu mezani nyumbani.

Mei 24

Usangu. Asubuhi tulivu, mpunga umeshavunwa, moshi wa mabua unapanda wima bila kuyumba.

2.6. 2.3. 2.7. 2.4.

Makundi manne ya risasi tano mita 100. Niliyakata yote manne kwenye karatasi, nimeyabandika kwenye ukurasa huu. Lile la 2.3 nikiweka sarafu ya shilingi 200 juu yake karibu inalifunika.

Nikaipima na darubini papo hapo. Shabaha ndefu yenye mstari wima, nikapanda mikato 50, risasi inatakiwa ikae sentimita 50 juu. Imekaa 49.5. Nikashuka 50, ikarudi kwenye tundu la kwanza. Darubini haina kosa, na niliwahi kuilaumu mwezi wa Januari.

Juni 7

Mita 300 na 500 kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Mita 300 hapakuwa na neno: mikato 16 juu, kundi sentimita 9. Mita 500 ndipo palipotokea mvutano. Programu ya simu inayokokotoa njia ya risasi iliniambia nipande mikato 41. Nikapiga tatu kwenye bamba la chuma, zote zikapita juu. Msimamizi aliyekuwa kwenye darubini kubwa akaniambia, "Kaka, unapita juu, vumbi naliona nyuma, kama shubiri moja." Nikapunguza kwa kukisia hadi 39, nikasikia *ting*, sekunde mbili na kidogo baada ya mlio wa bunduki.

Jioni nimekaa na programu hadi nikaona. Nilikuwa nimejaza mgandamizo wa hewa hektopaskali 1,015, nilioutoa kwenye utabiri wa hali ya hewa. Namba hiyo wameshaisahihisha iwe kana kwamba tuko usawa wa bahari. Uwanja uko kama mita 1,100 juu ya bahari, na mgandamizo halisi pale ni karibu 890. Hewa nyepesi inaizuia risasi kidogo, kwa hiyo inashuka kidogo. Nilipoandika 890, programu yenyewe ikasema 39. Anayetoka Dar na jedwali lake la Dar, akija nyanda za juu atapiga juu kila siku na ataishia kuilaumu bunduki.

Upepo bado unanishinda. Wa mita 4 au 5 kwa sekunde, ukitoka ubavuni, unaisogeza risasi hii karibu nusu mita kwenye mita 500, na Usangu upepo wa saa nne asubuhi si ule wa saa tatu. Kuanzia sasa napiga mbali kabla ya saa tatu.

Na niseme wazi kwa wanaonifuata kwa sababu ya msimu kufunguliwa Julai 1: mita 500 ni za karatasi na chuma. Mnyama anapiga hatua wakati risasi iko njiani. Mimi sitampiga mnyama nikiwa zaidi ya mita 200, hata bunduki ikiwa inaweka zote kwenye tundu moja.

Julai 5

Kipimo nilichokuwa nakingojea. Ni kipupwe, asubuhi kuna umande mgumu kwenye majani kule mtaa wa Forest, mchana hewa kavu inapasua midomo. Kama mti ulivimba Desemba, sasa unatakiwa uwe umesinyaa, na kwenye bunduki hii ilivyokuwa zamani skrubu zingekuwa zimelegea zenyewe.

Toki renchi kwenye skrubu ya mbele: inabofya kwenye 5.5 bila kuzunguka. Ya nyuma, vilevile. Karatasi chini ya reli: haiingii. Noti iliyokunjwa mara tatu: inapita mbele hadi nyuma, kulia na kushoto.

Risasi ya kwanza, mtutu wa baridi, mita 100, bila kugusa kitufe chochote tangu Juni: nusu sentimita kutoka katikati. Nne zilizofuata zimeifanya iwe kundi la 2.5.

Nimempelekea mzee ile karatasi Uyole. Ametoa noti yake ya elfu mbili, akapitisha mwenyewe, pande zote mbili, mara mbili. Kisha akaikunja akairudisha mfukoni, akaniambia nirudi Desemba mvua ikiwa imeshika, tupitishe tena.

Nimeandika tarehe: Desemba 20.